Kabla ya kuuliza nguvu ya trekta, tazama mteremko wa shamba

Anayekuja kwetu kutaka ushauri wa kununua mtambo wa shambani huanza na swali lile lile: una nguvu farasi ngapi? Swali si baya, ila limewahi mno. Sisi wahandisi wa mitambo ya kilimo hupenda kwanza kusikia habari za shamba lenyewe. Mteremko mkali uko wapi? Udongo ukilowa unakuwaje? Kuna mtaro au shimo lililofichwa na majani? Nyaya za umeme zinapita wapi, na njia ya kuingilia ina upana gani? Trekta haipinduki kwenye karatasi ya muuzaji. Hupindukia mahali ambapo mara nyingi mwenye shamba alipajua tangu zamani.

Katika nchi zinazoweka kumbukumbu za ajali za mashambani, Marekani ikiwemo, kupinduka ndiko kunakoongoza kwa kuua watu waliokuwa wakiendesha trekta. Wengi hufikiria kupinduka kwa ubavu tu, lakini kuna kule kwa kurudi nyuma, ambako ndiko kunakonitisha zaidi. Tuseme unavuta gogo, na mnyororo umeufunga juu, kwenye ekseli au karibu na kiti, badala ya kwenye baa ya kukokotea iliyo chini. Gogo likikwama, magurudumu ya nyuma hugoma kuzunguka. Nguvu ya injini haipotei. Kwa kuwa imeshindwa kuzungusha magurudumu, huizungusha trekta yenyewe juu ya ekseli yake. Pua inanyanyuka. Baada ya takriban robo tatu ya sekunde hakuna tena la kufanya, na kufikia sekunde moja na nusu trekta imelala chali. Hakuna dereva, hata mzoefu wa miaka mingi, mwenye mguu mwepesi wa kuiwahi klachi kwa muda huo.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kutazama, kabla hata ya kufungua boneti, ni fremu ya kinga: ule upinde wa chuma ulio nyuma ya kiti, au kebini ya dereva iliyojengwa kwa kazi hiyo. Uswidi iliagiza mwaka 1959 kwamba trekta mpya zote ziuzwe zikiwa nayo, na vifo vikapungua sana. Watengenezaji wa Marekani walianza kuifunga kama kawaida kwenye trekta nyingi zinazozidi nguvu farasi 20 kuanzia 1985, kwa hiyo trekta kuukuu ya kabla ya hapo huenda haina kabisa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inakadiria kuwa fremu ikitumiwa pamoja na mkanda wa kiti humkinga dereva kwa asilimia 99 trekta ikipinduka. Neno zito hapo ni “pamoja”. Ukiwa na fremu bila mkanda, unaweza kurushwa nje na fremu hiyo hiyo ikakuangukia. Mkanda bila fremu unakufunga chini ya chuma, hivyo kwenye trekta isiyo na fremu, au ambayo fremu yake ya kukunjwa imelazwa, mkanda haufungwi. Halafu kuna wale wanaompelekea fundi wa kuchomelea mabomba awatengenezee upinde. Fremu halisi imepimwa ijikunje kwa kiasi na kumeza pigo. Ya kubuni huvunjika, na hata ile halisi ikitobolewa au kuchomelewa kipande haiaminiki tena.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze ukubwa. Kazi nyingi za kutunza shamba, yaani kufyeka majani, kusawazisha njia, kubeba mchanga na kuvuta trela, zinamalizwa na trekta ya wastani. Mashine ya kufyekea yenye upana wa mita 1.5 inahitaji kama nguvu farasi 25 kwenye shafti ya PTO, ile inayozunguka kupeleka nguvu ya injini kwenye zana, na nguvu ya shafti huwa pungufu kuliko ile ya injini inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Lakini trekta mbili zenye nguvu sawa zinaweza kutofautiana kabisa mteremkoni. Ile fupi, nyembamba na iliyonyanyuka hupinduka upesi. Ile yenye magurudumu yaliyotanuliwa na tumbo lililo chini hutulia. Kasi nayo ina hesabu yake: ukipiga kona kwa mwendo mara mbili, nguvu inayokusukuma kando huwa mara nne.

Takwimu za kunyanyua zinahitaji jicho kali. Uwezo wa mikono ya nyuma ya trekta unaweza kuwa umepimwa kwenye ncha za mikono, au umbali wa milimita 610 nyuma yake. Kipimo cha pili ni kidogo, na ndicho kinachokaribia maisha ya shambani, kwa sababu mzigo haukai pale kwenye pini. Muulize muuzaji amesoma kipi. Kwa vipakiaji vidogo, vile vinavyogeuka papo hapo vilipo, mzigo ulioruhusiwa kwa kawaida ni nusu ya ule utakaokiinamisha kipakiaji cha magurudumu, na asilimia 35 kwa kile cha mikanda ya mpira. Kwa hiyo kulinganisha namba za aina hizi mbili bila kuuliza zimetokana na nini ni kujidanganya.

Kipakiaji hicho kina tabia nyingine inayowashika wageni. Kikiwa kitupu, uzito mwingi uko nyuma, kwa hiyo mlima hupandwa kinyumenyume. Kikijaa, uzito umehamia mbele, na sasa kinapanda kwa pua. Upande mzito huelekezwa juu daima. Trekta yenye ndoo ya mbele inataka uzito wa ziada nyuma, na ndoo ibebwe chini, karibu na magoti. Ndoo ikiinuliwa juu ili dereva aone mbele, kitovu cha uzito kimepanda nayo.

Mitaro ni kazi ya kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia. Kuchimba mtaro mrefu kwa ndoo ya trekta ni kuupeleka mtambo ukingoni kila dakika, na ukingo ndio mahali pa mwisho pa kuuamini. Mita moja ya ujazo wa udongo ina uzito wa zaidi ya tani moja, kwa hiyo mtu asiingie kwenye mtaro wenye kina cha mita moja na nusu au zaidi ambao kuta zake hazikushikizwa au kulazwa. Ikiwa kazi ya kijiko ni ya siku chache kwa mwaka, kodi pamoja na mwendeshaji wake. Utaokoa fedha na pia ugomvi wa kumfundisha mpwa wako siku hiyo hiyo.

Mtambo kuukuu una siri zake. Rangi mpya kwenye trekta ya zamani hunitia shaka kuliko kutu. Jaribu kuiwasha ikiwa kwenye giya: isiyotakiwa kuwaka ikiwaka, swichi ya usalama imekufa au mtu ameikwepa kwa kuunganisha waya. Ukimwona fundi anaiwasha kwa bisibisi kwenye stata akiwa amesimama kando ya gurudumu, ujue ndivyo watu wanavyopitiwa na trekta zao wenyewe. Shafti ya PTO ya kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde, na nguo ikishikwa hakuna muda wa kupiga kelele. Kifuniko chake kiwepo, kiwe kizima, na kiweze kuzunguka chenyewe. Uvujaji wa haidroliki hutafutwa kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kiganja. Mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi kwa tundu dogo kama la sindano, maumivu huchelewa, na mkono unaweza kukatwa ukichelewa kumwona daktari wa upasuaji.

Kabla ya kulipa, omba mtambo uletwe shambani kwako, ufungwe zana utakazotumia, upelekwe kwenye kazi iliyo ngumu kuliko zote ukiwa na dereva wa muuzaji. Kisha panda mwenyewe. Kaa, funga mkanda, kanyaga kila pedali hadi mwisho bila kuteleza kitini, geuka nyuma uone kama zana inaonekana. Ikibidi ulegeze mkanda ili ufikie klachi, mwambie muuzaji akuonyeshe mtambo mwingine.