Wavu wa trampolini haumkingi mtoto na mwenzake

Mzazi anayeniletea mtoto aliyeumia kwenye trampolini ya nyumbani huanza karibu kila mara kwa kauli ileile: "Lakini daktari, wavu tulifunga." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nawajibu wote hapa.

Wavu humzuia mtoto asiangukie nje, na majeraha mengi hayatokei nje. Hutokea juu ya turubai lenyewe, ambapo takriban robo tatu ya majeruhi huumia wakati watu wawili au zaidi wanaruka pamoja, na anayeumia zaidi ni mdogo wao. Mchukue mtoto wa kilo 16 anayeruka na baba yake wa kilo 80. Baba anapotua, turubai huzama na springi huvutika. Linapofyatuka kurudi juu, hukutana na mtoto ambaye ndiyo kwanza anashuka, naye badala ya kutua mahali laini hupigwa na kitu kinachopanda kwa nguvu iliyotokana na uzito wa baba. Mfupa wa muundi huminyika chini kidogo ya goti. Sisi huuita mvunjiko wa trampolini, nao huwapata hasa watoto wasiofika miaka 6. Uvimbe huwa mdogo au haupo, na kwenye eksirei huonekana kikunjo chembamba ukingoni mwa mfupa, ambacho jicho lenye haraka hukiruka. Dalili kubwa ni mtoto kukataa kukanyaga. Tafadhali msimwambie anadeka.

"Lakini nilikuwa pale pale nikiwatazama." Naam, na theluthi moja hadi nusu ya ajali hizi hutokea mtu mzima akiwa anatazama, kwa sababu macho hayapunguzi uzito wa anayeruka. Anayesimamia kazi yake ni kumshusha wa pili, hata akilia, na baba asipande kabisa.

Mengine nayapitia upesi. Kichwangomba ni marufuku, kwa kuwa anayetua kwa shingo anaweza kupooza. Mito ya kufunika springi huchakaa haraka juani, basi ikaguliwe. Wasiofika miaka 6 wasipande.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kinashauri trampolini zisitumike nyumbani kabisa, na katika tamko lake la 2012 kilieleza kwamba haijathibitika kuwa wavu umepunguza majeraha. Nashuku kwamba wavu huwapa wazazi ujasiri wa kujaza watoto humo, ingawa hiyo ni dhana yangu tu. Kuhusu katazo lenyewe nasitasita, maana mtoto wa miaka 9 anayeruka peke yake simwoni kuwa katika hatari ya kunikosesha usingizi. Ila naisisitiza kanuni ya mmoja mmoja nikijua vyema kwamba katika sherehe ya kuzaliwa itavunjwa kabla keki haijakatwa. Siku hiyo ondoeni ngazi, mfunge mlango wa wavu kwa kufuli, na watoto wapewe mpira.