Windows ikigoma kila mara mahali tofauti, pima RAM

Mteja aliniletea kompyuta ya mezani iliyokataa kupigwa (kusakinishwa) Windows. Fundi wa kwanza alilaumu flashi. Wa pili akamuuzia SSD (diski ya kuhifadhia data) mpya. Mimi nikaipiga mara tatu bila kubadilisha chochote: ikagoma kwenye asilimia 12, kisha 67, kisha 31, safari hii na skrini ya bluu iliyoandikwa MEMORY_MANAGEMENT.

Flashi nikaiweka pembeni. Flashi mbovu mara nyingi hugoma palepale, maana faili lililoharibika halihami. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikiwa mbovu haitabiriki, kwa kuwa data hazikai sehemu moja kila unapoanza upya.

"Mbona Windows ya zamani ilikuwa inafanya kazi?" mteja aliniuliza. RAM ya GB 8 ina biti (chembe ndogo kabisa za data) zaidi ya bilioni 68. Moja ikiganda, ukiwa unatazama filamu huenda ukaona kinukta cha rangi isiyo yake, basi. Lakini kupiga Windows ni kufungua faili kubwa lililobanwa, na humo biti moja ikigeuka kipande kizima huvurugika. Programu ikihakiki kama data ni sahihi, inakataa.

Nikawasha mashine kwa Memtest86+. Ni programu ya bure ya kupima RAM, inakaa kwenye flashi na haihitaji mfumo wowote. Chukua toleo la 6 au la juu yake. Ya zamani hayawaki kwenye UEFI, mfumo wa kuwashia wa kompyuta za kisasa. Nikaiacha usiku kucha, kwani mzunguko mmoja haunitoshi. Asubuhi nikakuta makosa. Hata lingekuwa moja tu, RAM yenye kosa moja siirudishi kwa mteja.

Ila usikimbilie dukani. Kwanza zima XMP (mpangilio unaoiongezea RAM kasi) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka. Nimeshaona RAM nzima ikikosea kwa sababu tu ya kukimbizwa kuliko uwezo wake. Kisha chomoa umeme, bakiza RAM moja, pima, halafu ihamishie sloti nyingine. Kosa likiifuata, RAM ndiyo mbovu. Likibaki na sloti, shuku mazabodi (ubao mkuu), au vumbi tu. Meno ya dhahabu ya RAM nayasugua taratibu kwa raba ya shuleni.

Hapa zilikuwa mbili za GB 4. Moja ilikosea kila sloti, raba haikuisaidia. Nikaitoa, Windows ikaingia mara ya kwanza. Mteja akaondoka na GB 4, na SSD ambayo hakuihitaji.