Mimi Huanza na Ukingo

Anayeniletea sarafu ya zamani ya Uingereza karibu kila mara hunionyesha uso wa mfalme kwanza. Mimi huigeuza nitazame ukingo, maana wizi ulipitia hapo kwa karne nyingi.

Kiswahili kinaita madini yale fedha, na pesa pia fedha. Kwa Waingereza wa zamani mambo yalikuwa hivyo hivyo: thamani ya shilingi ilikuwa madini yaliyomo. Ukiinyofoa pembeni kidogo kisha ukanunulia mkate kama kawaida, vipande vinabaki kwako. Sarafu ziligongwa kwa nyundo moja moja, hazikuwa duara kamili, kwa hiyo pengo halikuonekana upesi. Mwaka 1247, enzi ya Henry III, msalaba wa nyuma ya peni ulirefushwa hadi ukingoni ili iliyokatwa ijulikane. Wakataji hawakukoma, hata makosa yao yalipohesabiwa uhaini na adhabu ikawa kifo.

Tangu miaka ya 1660, chini ya Charles II, sarafu zikatengenezwa kwa mashine. Krauni, sarafu ya shilingi tano, iliandikwa ukingoni kwa Kilatini DECUS ET TUTAMEN, yaani pambo na kinga. Shilingi ikatiwa mikwaruzo. Ukikata, alama zinapotea na umejifichua. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba zile za nyundo ziliachwa mitaani. Watu wakaficha au kuyeyusha zilizo nzito, wakalipana kwa nyepesi. Kufikia miaka ya 1690, nyingi za nyundo zilikuwa zimepoteza karibu nusu ya uzito wake.

Mwaka 1696 serikali ya William III ikaamua kuziyeyusha na kuzitengeneza upya, na kodi ya madirisha ikaanzishwa kufidia hasara. Mwaka huohuo mwanasayansi Isaac Newton akaingia kazini kwenye karakana ya sarafu ya London. London peke yake isingeweza, basi zikafunguliwa karakana nyingine Bristol, Chester, Exeter, Norwich na York, kila moja ikiweka herufi yake chini ya shingo ya mfalme. Kipindi hiki nakipenda kuliko vyote, na zilizochakaa bado hupatikana bila kufilisika.

Ukiletewa shilingi ya wakati huo, iweke kwenye mizani ya sonara: nzima huwa na gramu 6 hivi. Mstari wa kiungo ukizunguka ukingo, imemiminwa kwenye kalibu, ni bandia. Usichanganye na za karne ya 20, kwani mwaka 1920 fedha ilishushwa kutoka asilimia 92.5 hadi 50, na 1947 ikaondolewa kabisa. Shilingi zetu za simba za Afrika Mashariki, zilizoanza 1921, zilikuwa na robo tu ya fedha.

Na tafadhali, usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Ukikuta Y chini ya shingo ya William, hiyo imetoka York. Iache na weusi wake.