Kukatwa tezi ya thaimasi kwa ajili ya miasthenia gravisi

Dada yangu huamka vizuri, lakini jioni kope zinamwangukia, na akila nyama hushikilia taya kwa mkono ili aweze kutafuna. Sasa daktari anataka atolewe tezi kifuani. Kope na kifua wapi na wapi?

Misuli yake ni mizima. Neva huamrisha msuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini, inayodakwa na vipokezi vilivyo juu ya msuli. Katika miasthenia gravisi, kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoziba na kuharibu vipokezi hivyo. Asubuhi, msuli ukiwa umepumzika, amri inafika. Kadiri unavyotumika, ndivyo inavyofifia.

Thaimasi iko nyuma ya mfupa wa kidari, mbele ya moyo. Utotoni, humo ndimo chembe za kinga zinamofundwa kutoushambulia mwili wenyewe. Baada ya balehe husinyaa na kugeuka mafuta. Kwa wagonjwa wengi, hasa wanaoanza kuugua wakiwa vijana, hukutwa imevimba, na humo ndimo mafunzo yalimoharibika. Takribani 1 kati ya 10 huwa na uvimbe kabisa, uitwao thaimoma.

Ni lazima akatwe?

Penye thaimoma, kwa kawaida hutolewa hata dalili zikiwa nyepesi, maana inaweza kusambaa kifuani. Pasipo uvimbe, huo ni uamuzi wa kuzungumza na daktari. Mwaka 1936 huko Nashville, Marekani, Alfred Blalock alimtoa msichana uvimbe wa thaimasi na nguvu zake zikarejea, upasuaji ukashika kasi. Ushahidi wa kulinganisha, ajabu, ulichelewa hadi 2016. Wagonjwa 126 wasio na uvimbe waligawanywa kwa kura: wengine walipasuliwa na kupewa prednisoni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, wengine prednisoni tu. Baada ya miaka 3, waliopasuliwa walikuwa na nguvu zaidi kwa dozi ndogo zaidi, na waliolazwa kwa kuzidiwa walikuwa asilimia 9, dhidi ya 37.

Hao wote walikuwa na kingamwili dhidi ya vipokezi vya asetilikolini. Wenye kingamwili za aina nyingine, zinazoshambulia protini ya msuli iitwayo MuSK, hawajaonekana kunufaika. Kwa hiyo ulizeni majibu ya damu kabla ya kukubali kisu.

Akitoka theta atakuwa amepona?

Hapana, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Kingamwili bado zimo kwenye damu. Nafuu huja baada ya miezi, pengine miaka, na wapo wasioipata. Dawa zinaendelea; hupunguzwa na daktari, si na mgonjwa.

Upasuaji wenyewe ni wa hatari?

Si wa dharura, hivyo hungojwa mpaka apumue na kumeza vizuri. Hupasuliwa kidari, au hutobolewa matundu madogo ubavuni na kuingizwa kamera. Daktari wa usingizi lazima ajue ugonjwa huu, kwani dawa za kulegeza misuli huweza kumlegeza kupita kiasi.

Akipata malaria je?

Swali zuri kwetu sisi. Kwinini huweza kumzidishia udhaifu. Vivyo hivyo antibiotiki kama jentamaisini, siprofloksasini na azithromaisini, na pia magnesiamu ya sindano. Aandike jina la ugonjwa kwenye kikaratasi na kukiweka pamoja na kadi ya bima. Na siku akishindwa kumeza mate, au akihesabu kwa pumzi moja asifike hata 20, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.