Nusu Mbili Sawa Bado Si Ulinganifu

Walimu wenzangu, nimechoka. Kila semina hapa Dar lazima ainuke mtu aseme kwamba mstari wa ulinganifu ni ule unaogawa umbo nusu mbili zilizo sawa. Siyo! Ni ule ambao ukilikunja umbo juu yake, nusu moja inaifunika nyingine sawasawa.

Chukua karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297. Piga mstari kutoka kona hadi kona, kata. Utapata pembetatu mbili. Zungusha moja, ipandanishe na mwenzake: sawasawa kabisa. Haya, chukua karatasi nyingine, usiikate, ikunje kwenye mstari uleule. Kona mbili zinachomoza nje. Nusu zile zililingana kwa kuzungushwa, hazilingani kwa kukunjwa. Ndiyo maana mstatili una mistari miwili tu, mraba minne, na msambamba wa kawaida hauna hata mmoja, ingawa mstari wowote upitao katikati yake unaugawa nusu sawa. Watoto wakate kwanza, wakunje baadaye, ili waone walipodanganyika.

Rangi: kunja karatasi, ifungue, dondosha matone matatu karibu na mkunjo, kunja tena upesi kabla hayajakauka, yajichape upande wa pili. Zima feni, isiyakaushe.

Kioo ndicho chenye ujanja. Fundi vioo atakukatia kipande kutoka kwenye masalia. Zungushia kingo selotepu. Kisimamishe wima, mgongo uliopakwa rangi ukae juu ya mstari, maana picha inaanzia pale. Ukitanguliza uso wa mbele, mchoro na picha vinaachana. Ila kioo hakikatai kitu: kiweke kona kwa kona kwenye mstatili, mtoto ataona umbo zuri la kishada (tiara) lililolingana, atashangilia. Swali ni kama picha inafanana na kile kilichofichwa nyuma. Inua kioo, kishushe, inua tena. Hata hivyo, bado sina hakika kama wa miaka sita wanalinganisha au wanabahatisha.

Kanga nazo zinafaa, ila jina lililoandikwa huvunja ulinganifu wa mji na pindo. Waachie watoto walikamate wenyewe.

Mwisho, vizibo vya soda. Kwenye karatasi ya miraba piga mstari mnene katikati. Kushoto panga chekundu, cha bluu, cheusi, cheusi kikigusa mstari. Wengi watapanga kulia kwa mfuatano uleule. Usihubiri, waambie wahesabu miraba kutoka mstarini: chekundu ni cha tatu, basi mwenzake naye awe wa tatu. Wakishaweza, laza mstari mshazari. Hapo hata walimu huanza kuinamisha vichwa.