Jasho si kupona: maswali na majibu kuhusu homa na daktari Bordeu wa Montpellier

Kila msimu wa mvua naletewa mtoto yuleyule, ila jina ndilo tofauti. Homa ilianza Jumatatu. Usiku akafunikwa blanketi, akafukizwa kwa majani, akatoka jasho mpaka shuka likalowa. Asubuhi akaomba uji, nyumba nzima ikashukuru. Alhamisi analetwa mgongoni amelegea, shingo haikai, na mama ananiambia, "Lakini daktari, homa ilishamtoka." Nimechoka kulijibia hili mlangoni, kwa hiyo naliandika.

Swali: Jasho likitoka, si ndiyo ugonjwa umetoka?

Hapana. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaana humo, kisha chembe hupasuka. Zikipasuka kwa wingi, mgonjwa hutetemeka kwa baridi, huchemka, halafu hutoka jasho na kujisikia nafuu. Wakati huo vimelea vipya vimeshaingia chembe nyingine. Karibu kila baada ya saa 48 mchezo hurudiwa, na huku kwetu, ambako malaria nyingi ni ya kimelea kiitwacho falsiparamu, mara nyingi homa haifuati hata ratiba hiyo. Jasho ni mwisho wa raundi moja tu.

Swali: Hii habari ya kungoja jasho ilianzia kwetu?

Wala. Msiwabebeshe bibi zenu mzigo wote. Théophile de Bordeu, daktari Mfaransa aliyezaliwa Izeste mwaka 1722 na kusomea Montpellier, mji wa kusini mwa Ufaransa, aliandika makala ndefu juu ya jambo hilihili katika Encyclopédie, ile kamusi kubwa ya maarifa ya Kifaransa ya Diderot na d'Alembert. Kichwa chake kilikuwa "Crise", yaani ile saa ya kuamuliwa, ugonjwa unapogeuka na kutafuta njia ya kutokea: jasho, damu ya pua, kuhara, makohozi. Wazo lenyewe ni la tangu Hippocrates, daktari wa Ugiriki ya kale, na siku zake zilihesabiwa: ya 7, ya 14, ya 20. Bordeu alidai hata kwamba akishika mkono wa mgonjwa, mapigo yatamwambia ugonjwa utatokea wapi. Kwake yalikuwapo mapigo ya pua, ya koo, ya tumbo, ya utumbo, na ya jasho pia.

Swali: Kwa hiyo alikuwa mganga wa uongo?

Hapana, na hapa nitamtetea. Wakati wake madaktari wengi waliuona mwili kama mabomba na pampu, tezi ikitoa maji yake kwa kukamuliwa tu na misuli ya jirani. Bordeu alipasua maiti, akatazama tezi zilivyokaa, akaona hazikamuliwi na chochote. Zinafanya kazi zenyewe, na alikuwa sahihi. Kutoka hapo akasema kila kiungo kina uhai na hisia zake, na mwili mzima ni kama kundi la nyuki lililoning'inia tawini: nyuki wengi, mnyama mmoja. Mfano huo naupenda mpaka leo. Fikra hizi ndizo huitwa vitalizimu, kwamba kiumbe hai kina nguvu ya uhai isiyoelezeka kwa ufundi wa mashine. Paul-Joseph Barthez, wa Montpellier hiyohiyo, aliipa jina la "kanuni ya uhai".

Mkumbuke pia kwamba kumngojea mgonjwa, zama zile za kuwatoa watu damu na kuwaharisha, mara nyingi kulikuwa salama kuliko kumtibu. Bordeu alifariki 1776. Kwinini, dawa ya malaria, ilitengwa kutoka kwenye gome la mti mwaka 1820, na kimelea cha malaria kilionekana kwenye hadubini mwaka 1880, huko Algeria, na daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran. Bordeu hakuwa na hadubini ya Laveran wala kipimo cha tone moja la damu. Wewe kipimo unacho. Unangoja nini?

Swali: Lakini mwili si una kinga yake?

Unayo. Kidonda hufunga, mafua huisha. Kinga ya mtoto wa miaka miwili dhidi ya malaria bado changa, na malaria hii inaweza kuua ndani ya saa 24 tangu iwe kali. Nasema saa, sisemi siku ya 7.

Swali: Nikimpa panadoli, homa ikashuka, nisubiri kidogo?

Usisubiri. Panadoli inashusha joto, haiui kimelea hata kimoja. Homa ikishuka kwa panadoli si kupona. Ikishuka kwa kufukizwa si kupona. Akiomba uji, mpe uji, umlete.

Swali: Dawa mseto nimempa, siku ya pili anacheza. Nikibakiza vidonge?

Dozi ni 6 ndani ya siku 3. Hivyo unavyovificha kabatini kwa ajili ya mdogo wake ndivyo vilivyokuwa vimalizie kazi.

Swali: Dalili zipi zisingoje hata asubuhi?

Degedege, kutapika kila anachomeza, kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida, mkojo wa rangi ya kahawa, usingizi usioamshika. Na viganja: weka kiganja chake kando ya chako chini ya taa. Kama chake kimepauka, damu imepungua.

Swali: Hata saa nane usiku?

Hata saa nane. Mlinzi akikuambia daktari amelala, mwambie amwamshe.