Mapipa ya mboji bustanini si lazima yanuke
Wengi hupinga mapipa ya mboji katika bustani za umma wakidai kwamba mabaki ya chakula lazima yanuke na kuvuta panya. Harufu hiyo hutokana na ukosefu wa hewa: maganda ya ndizi na machungwa yakirundikana yakiwa yameloa na kushindiliwa, bakteria wasiohitaji oksijeni hushika kazi na kutoa gesi zinazonuka, ilhali maganda hayohayo yakichanganywa na majani makavu, ambayo bustani huwa nayo tele, huoza bila kero. Panya huzuiwa kwa kifuniko kizito na wavu wa chuma chini ya pipa. Nchini Kenya, ambako sheria ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe, kinachostahili kuhofiwa zaidi ni plastiki inayotupwa katika mapipa hayo, kwa kuwa huharibu mboji yote.